Vitanda vya Saa Nne

Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda ishirini, Matroni mmoja na sheria moja isiyojadiliwa. Ikifika saa nne asubuhi, kila mzazi anayeweza kusimama anambeba mwanawe na kwenda kibaraza cha nyuma kuota jua, na huku ndani sakafu inapigwa deki. Mpaka ikauke, haingii mtu na viatu, awe daktari, awe mgeni, awe nani. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Wauguzi vijana walimwita Matroni "Mama Sakafu" akishawapa mgongo, na yeye alijua, na jina lenyewe alilipenda kimyakimya.

Sasa wodi hiyo ilikuwa inafungwa.

Jumatatu mkurugenzi wa hospitali alimwita ofisini akamkaribisha kiti. Hapo hapo Matroni akajua mambo si mazuri, maana yule hakuwa mtu wa kukaribisha watu viti. Alielezwa kwa upole kwamba gharama zimepanda: wauguzi wa zamu tatu, mashuka, umeme, dawa. Na kwa miezi mitatu, vitanda vyenye watu katika wodi yake havijavuka robo. Ijumaa bodi ingepitisha uamuzi. Chumba kingewekwa mashine mpya ya kupiga picha, na wazazi wangepelekwa hospitali ya upande wa pili wa mji.

Matroni akasema vitanda vyake vimejaa, tena juzi tu alimlaza mzazi kwenye godoro la akiba. Mkurugenzi akamsogezea karatasi. Hata yeye, alisema, aliwahi kuuliza inakuwaje watoto wazaliwe wengi hivyo na vitanda viwe vitupu, akajibiwa kwamba siku hizi akina mama wanawahi kurudi makwao.

Aliyejibu hivyo, na aliyeiandika karatasi, ni karani wa takwimu. Hospitali nzima ilimwita Bwana Asilimia, kwa kuwa ukimuuliza hali alikujibu kwamba ni mzima kwa asilimia tisini, kumi ni mgongo. Yeye na Matroni hawakuiva chungu kimoja tangu mvua za miezi mitatu iliyopita, alipokatiza kwenye sakafu mbichi na viatu vya matope, akarudishwa mlangoni mbele za watu kama mtoto wa chekechea. Kwa hiyo Matroni hakujisumbua kufikiri sana. Aliona ni kisasi tu: mtu kakaa mezani kwake, kapika takwimu. Na kwenda kumuuliza? Afadhali anywe maji ya deki.

Lakini iliuma. Humo ndani aliwapokea watoto ambao sasa walikuwa wanakuja kujifungua wenyewe. Jumanne yote alitandika vitanda ambavyo tayari vilikuwa vimetandikwa.

Jumatano alfajiri binti yake Bwana Asilimia alijifungua, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Matroni alimhudumia kama mwanawe wa kumzaa, kwa sababu ugomvi wa sakafu hauwahusu watoto, akamlaza kitanda namba saba. Babu mtu aliruhusiwa kuingia dakika tano. Alimtazama mjukuu, akapangusa miwani mara mbili, akaenda kazini akitabasamu peke yake.

Saa nne wazazi wakatoka kuota jua. Matroni naye, kama kawaida yake, alikuwa nao huko nyuma, na hakuna siku aliyowahi kuwa ndani saa hiyo. Leo ikawa kitoto cha namba saba kinapiga chafya, akarudi mara moja kukichukulia blanketi. Ndipo alipomwona Bwana Asilimia kwenye mlango wa mbele, ncha za viatu vyake zimekoma pale pale ubichi wa sakafu ulipoanzia. Alikuwa anahesabu kwa kalamu na kunong'ona: "Kitupu. Kitupu. Yupo. Kitupu."

Waliokuwa wamelala ni wanne tu, wale wa upasuaji. Akafika namba saba, akaandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Matroni," alisema, na sauti haikuwa ile ya ofisini. "Mwanangu yuko wapi?"

Matroni alimuuliza anaandika nini. Anaandika vitanda vyenye watu, alisema karani, kila siku saa nne kamili bila kukosa, na anahesabia mlangoni kwa sababu ndani amekatazwa.

Matroni akaitazama karatasi, akautazama mlango wa nyuma, ambako vicheko vya akina mama vilikuwa vinasikika. Hasira zikampanda hadi kooni, na zilipofika hapo zikageuka kicheko. Alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda asianguke.

"Vua viatu," alisema. "Njoo uwahesabu."

Akapita peku, suruali ameikunja, viatu mkononi. Kibarazani wazazi kumi na sita walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi. Binti yake akamuuliza, "Baba, mbona hivyo?" Yeye alikuwa anahesabu. Akahesabu tena, akajumlisha na wale wanne wa ndani.

"Asilimia mia," alisema taratibu, akaketi chini.

Kwa miezi mitatu alikuwa akiandika kuwa ni vitupu vitanda vya watu waliotoka kuota jua. Uso ulimshuka kwa aibu, mpaka Matroni akamwekea mjukuu mikononi, akamwambia kosa ni la wawili, maana aliyemzuia mlangoni ni yeye.

Ijumaa, baada ya mvua ya usiku kucha, karani akaenda kwenye bodi kukiri, huku akijua kazi yake yenyewe inaweza kuishia humo. Matroni alishindwa kutulia. Alimnyang'anya mfagizi deki, akaisugua sakafu mwenyewe, akaisugua tena.

Akasikia mtu anakuja mbio. Bwana Asilimia akatokea mlangoni, akafunga breki ukingoni mwa ubichi, akainama kuvua viatu. Kamba zilikuwa zimefanya fundo, na pumzi ya kusema hana. Matroni akayatazama mafundo yale. Kungoja hakuwezi.

"Pita," alisema. "Pita na viatu vyako, baba."

Akapita. Wodi haifungwi, alisema. Mashine itawekwa kwenye stoo ya zamani. Kazi wamemwachia, ila kuanzia kesho atahesabia ndani, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajatoka mtu. Kisha akaendelea moja kwa moja hadi kibarazani kuwapa akina mama habari, na shangwe zao zikafika hadi getini.

Matroni alibaki na deki mkononi, machozi yanamtoka naye anacheka. Nyayo za matope zilikuwa zimekatiza sakafu yake kutoka mlango hadi mlango. Zikakauka pale pale, wala hakuruhusu mtu azifute mpaka kesho yake, saa nne.