Hakutazama

Felesta alisimama ukingoni mwa lami na ndoo ya maji kichwani, akingoja. Mtu mwenye ndoo kichwani hawezi kugeuza shingo. Akitaka kutazama huku na huku, sharti azungushe mwili mzima, polepole, kama mlango mzito. Alizungukia kushoto. Lori la makaa ya mawe likapita, upepo wake ukamvuta kitenge. Alizungukia kulia. Lori la saruji. Maji yakaruka, yakamteremka mgongoni, naye hakuyafuta.

Kisima cha pampu kilikuwa upande huu aliokuwa akitoka, pamoja na shule na zahanati. Nyumba zilikuwa ng'ambo ile. Zamani haikuwa hivyo. Barabara ya kwenda Lilongwe ilipopanuliwa, watu wa Namiyala walihamishwa wakapewa viwanja upande wa mashariki, na kila walichokitegemea kikabaki magharibi. Bwana mmoja kutoka wizarani aliahidi mbele ya chifu kwamba matuta yatawekwa kabla lami haijapoa. Lami ilipoa. Sasa ilikuwa imeanza kupasuka.

Nafasi ilipopatikana alivuka. Katikati palikuwa na mahali ambapo watu walimwaga mchanga, magari yakaupeperusha, wakamwaga tena. Felesta alipakanyaga kama anavyokanyaga pengine popote. Wanawake waliomfuata nyuma walipakwepa. Yeye hakuona sababu ya kupakwepa.

Mwanawe, Tamandani, alikuwa darasa la tatu. Asubuhi ile Felesta alikuwa kwenye karai lake la maandazi, mbele ya nyumba, na aliona kila kitu. Aliona mtoto akisimama ukingoni. Akamwona anageuka huku, anageuka kule. Dereva wa lori la tumbaku akasimamisha gari, akampungia mkono: vuka. Mtoto akavuka. Lori la mafuta lililokuwa nyuma halikutaka kungoja. Likatoka upande, likalipita lile la tumbaku.

Dereva wa mafuta hakusimama mpaka kituo cha polisi cha wilaya, na kwa kuwa alitangulia kufika, maelezo yake ndiyo yaliyoandikwa. Mtoto alichomoka ghafla.

Baada ya mazishi watu walitandaza mawe barabarani. Jiwe la kwanza lilibebwa na Zakaliya, mdogo wake Felesta, aliyekuwa akipakia abiria kwa baiskeli na ndiye aliyemlea Tamandani pamoja naye tangu baba wa mtoto alipokwenda migodini Afrika Kusini akanyamaza. Malori yalipanga foleni hadi kilimani. Polisi walikuja, wakayaondoa mawe, wakamchukua Zakaliya. Kosa lake lilikuwa kuhatarisha usalama wa watumiaji wa barabara.

Siku chache baadaye lilikuja gari jeupe la watu wa utafiti. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole na viatu visivyofaa kwa mchanga. Alijitambulisha kuwa ni Dakta Mbewe wa chuo kikuu. Alipewa kigoda, akakaa karibu na karai, akawasha kishikwambi chake.

"Pole sana, Mama Tamandani."

"Asante."

"Maswali ni machache. Ukichoka, niambie tutapumzika. Marehemu alikuwa amevaa nguo ya rangi gani?"

"Sare ya shule. Ya buluu."

"Buluu ya kuiva, au inayong'aa?"

"Buluu tu."

"Alivuka kwenye alama za kuvukia?"

"Hakuna alama."

"Basi ni hapana." Dakta akagusa kioo. "Alitazama pande zote kabla ya kuvuka?"

"Alitazama. Lori moja lilisimama, dereva akampungia mkono. La nyuma likalipita."

"Na hilo la nyuma, alilitazama?"

"Lilikuwa nyuma ya lori."

"Naelewa, mama. Lakini alilitazama, au hakulitazama?"

Maandazi yalikuwa yanaanza kuungua upande mmoja. Felesta aliyageuza, moja moja, mpaka yote yakageuka.

"Hakulitazama," alisema.

Dakta akagusa kioo.

NaPhiri, jirani yake, alikuwa amekuja kununua akabaki kusikiliza. "Na dereva je?" aliuliza. "Mbona humwulizi mtu kama dereva alitazama?"

"Sisi tumepewa watembea kwa miguu na wa baiskeli, mama. Tabia zao barabarani. Madereva wana utafiti wao, unafanywa na chama cha wenye malori."

"Na huu wenu, anaulipia nani?"

Dakta alipangusa kioo kwa upindo wa nguo yake. "Chama cha wenye malori," alisema. "Lakini tuko huru kabisa."

"Ee, naona," NaPhiri akasema. "Hata mbuzi wangu yuko huru. Kamba ni ya kumkumbusha tu nyumbani." Akacheka peke yake, akachukua maandazi yake, akaondoka.

Felesta hakucheka. Alikuwa akitazama mafuta.

Kituoni alimpelekea Zakaliya nsima, ugali wa kwao, na dagaa ndani ya bakuli lenye mfuniko. Askari wa mapokezi alifunua, akachokoa kwa kijiti kutafuta kitu ndani ya nsima, akafunika.

"Kesi ya ndugu yako ni nzito, dada. Barabara ile ni ya taifa."

"Atatoka lini?"

"Hapa hakuna lini." Aliinama juu ya kaunta, akashusha sauti kama mtu anayefanya hisani. "Lakini nasikia wale wageni wa chuo wanakutaka tena. Wanatafuta mama wa kuzungumza redioni. Mtu anayeshirikiana, dada, wakubwa wanamwona. Asiyeshirikiana, naye wanamwona."

Dakta alirudi na kijana wa kamera na mwenzake wa kushika kinasa sauti. Alimwekea Felesta mkono begani. Felesta aliuona ule mkono pale begani. Uzito wake hakuusikia.

"Watu hawasikii takwimu," Dakta alisema. "Wanamsikia mama. Ni sentensi mbili tu. *Mwanangu hakutazama. Wewe tazama.*"

"Alitazama."

"Najua, mama. Alitazama, lakini hakutazama vya kutosha."

"Basi niseme hivyo."

"Ubao hauna nafasi ya maneno mengi."

Ndipo Felesta alipojua kwamba kutakuwa na ubao. Alifikiri kidogo. "Na matuta?"

"Matuta nitayaandika. Yatakuwamo kwenye ripoti, nakuahidi."

"Na Zakaliya?"

Dakta alitazama upande wa barabara. Haikuwa sura ya mtu mbaya. Ilikuwa sura ya mtu aliyechoka na safari, aliye na vijiji vingine mbele. "Mkuu wa kituo nitampigia leo. Tukimaliza."

Wakamsimamisha ukingoni, malori yaonekane nyuma yake. Kijana wa kamera alimwambia ainue kidole. Akainua.

"Mwanangu haku—"

Lori likapita. "Tena, mama."

"Mwanangu hakutazama. Wewe—"

"Honi imeingia. Samahani, mama. Tena."

Akasema tena. Mara jua lilikuwa vibaya, mara kidole kilishuka, mara basi likasimama hapo hapo na abiria wakachungulia dirishani kujua ni sinema gani. Felesta alisema, akasema. Mwanzoni kila neno lilikuwa kama mwiba wa samaki kooni. Kisha likawa kama mate. Mwishowe maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, naye alikuwa akiwaza kama amefunika unga.

"Safi sana!" kijana akasema, akishusha kamera. "Hiyo sasa umeisema kama unaiamini."

Zakaliya alirudi kwa miguu, bila baiskeli. Ilibaki kituoni, kielelezo cha kesi ambayo haikuwapo tena. Alikuwa amekonda, na shingoni alikuwa na upele. Felesta alimmiminia maji ya kunawa, akamwekea nsima. Walikula matonge mawili matatu.

"Nimekusikia redioni," Zakaliya alisema. "Ile ya mapokezi. Askari waliongeza sauti ili tulio ndani nasi tusikie."

Felesta alisogeza bakuli la mboga karibu naye.

"Alitazama, dada."

"Najua."

"Ulikuwa hapa. Ulimwona."

"Nilimwona."

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuwa ndani."

"Ningekaa." Hakupandisha sauti. "Ungeniacha nikae. Mimi ningetoka siku moja. Yeye ndiye sasa hatatoka kwenye hayo maneno."

Alinawa mikono ilhali chakula hakijapungua, akakunja mkeka wake, akaenda kulala kwa rafiki yake sokoni. Kesho yake watu walimwona akibeba magunia. Akipita mbele ya nyumba ya dada yake alisalimia kama anavyosalimia watu wengine. Felesta aliitikia. Usiku alisubiri kilio kije, kwa kuwa kila mtu alimwambia kitakuja, na kabla hakijaja akalala.

Ubao uliletwa na lori lenye winchi. Mafundi walipima, wakachimba, wakamwaga zege. Waliusimika pale pale watu wanapovukia, upande malori yanakoteremkia kutoka kilimani, kwa sababu, walisema, ndipo watu walipo. Ulikuwa mpana kama ukuta wa nyumba na ulianzia usawa wa magoti. Ulichapwa pande zote mbili: uso wa Felesta, kidole juu, na yale maneno. Chini kulikuwa na nembo ya chuo, ya wizara, na ya chama cha wenye malori. Mbunge alikata utepe. Watoto wa shule waligawiwa kofia.

Dakta hakuweza kuhudhuria. Alituma ujumbe wa simu, NaPhiri akausoma kwa sauti. "Mama, ripoti imepokelewa vizuri sana. Imeonekana kwamba tatizo kubwa ni tabia. Matuta yamo kwenye kiambatisho."

"Kiambatisho ndiyo nini?" Felesta aliuliza.

"Sijui. Labda ni jina la kijiji."

Ilichukua asubuhi moja tu kwa Namiyala kuelewa. Ukisimama ukingoni, pale mguu ulipozoea kusimama, kilima hukioni. Unauona uso wa Felesta. Ili uone kama lori linakuja, lazima upite mwisho wa ubao, na mwisho wa ubao ulikuwa juu ya lami. Chifu aliandika kwa wilaya. Wilaya ilijibu kwamba ubao ni mali ya mradi, na mradi umekwisha. Yule atakayeugusa, askari walikuja kusema, atashtakiwa kwa kuharibu chombo cha usalama barabarani. Walimtazama Zakaliya waliposema hivyo.

Tangu hapo, saa ya shule, Felesta huliepua karai lake, anatembea mpaka mwisho wa ubao, na anashuka hatua moja kwenye lami. Hakuna aliyemtuma. Husimama hapo, mkono juu, macho kilimani, na watoto wa watu hungoja nyuma ya uso wake mkubwa waambiwe lini.

Asubuhi moja lori la mafuta lilikuwa likiteremka, likaona mwanamke barabarani, likapiga honi mfululizo. Felesta hakushusha mkono. Breki zililia. Lori likayumba, likapunguza mwendo, likampitia karibu kiasi cha joto la injini kumgusa shavu. Dereva alitoa kichwa na bega zima dirishani. Alimtazama yeye, akautazama ubao, akamtazama yeye tena, na hakuona kwamba ni uso ule ule.

"Wewe mama!" alipiga kelele, akiuonyesha kwa kidole. "Hujui kusoma?"

Vumbi na moshi vikafunga barabara. Nyuma ya ubao watoto walianza kumwuliza, wote kwa pamoja, kama wavuke.