Jina la Mwanaidi

Siku majibu ya darasa la saba yalipobandikwa, nyumba ya Bi Mwamvua pale Masanze ilifurika watu mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Kijiji kizima kilitoa msichana mmoja tu wa kwenda sekondari, Mwanaidi Rajabu, na kila aliyekuja alitaka amshike mkono, amwangalie vizuri, kisha aondoke amekula wali na kisamvu. Mwamvua alipigiwa vigelegele mpaka akina mama wakapwelewa sauti. Filomena, jirani yake, alikuwa uani anapepeta mchele wa mpiko wa pili.

"Na wewe Filomena, cheka basi!" alimtania Hildegarda, mpishi mwenzake. "Umenuna kama umepigwa faini. Mtoto wa mwenzio si wako?"

Filomena akacheka. Aliyekuwa anashangiliwa kule mbele alimzaa yeye, kwa tumbo lake, na jina alilompa ni Costancia. Hilo Hildegarda hakulijua, na jambo ambalo Hildegarda halijui, basi Masanze nzima hailijui.

Filomena na marehemu mumewe, Mathias, walitoka Msumbiji kwa miguu kabla ya Uhuru, wakaja kukata mkonge. Costancia alipofika umri wa shule, shule ya karibu na kambi yao ya mkonge ilikuwa na darasa moja na madawati ya kuhesabika. Watoto wa wenyeji waliandikwa kwanza. Wa manamba, vibarua wa mkonge kama wao, waliambiwa njooni mwakani, na mwakani wakaambiwa hivyohivyo. Mwaka huo huo surua ikamchukua Mwanaidi, binti pekee wa Mwamvua, siku chache baada ya kuandikishwa. Arobaini ilipokwisha, Mwamvua alivuka njia mwenyewe akaja mpaka kambini.

"Jina la mwanangu limekaa tu kwenye daftari la mwalimu," alisema. "Mwache wako aliitikie."

Filomena alilia kwa shukrani. Na kweli, mtoto akaitikia miaka saba. Ili ulimi usije ukateleza mbele ya watu, akafundishwa: nje, Mwamvua ndiye mama, Filomena ni mama mkubwa. Wakishafunga mlango wao, Filomena anakuwa mama. Halafu ikaja operesheni ya vijiji, malori yakawabeba wote kuwaleta Masanze, mahali wasikojulikana, wakapewa viwanja jirani. Siri ikakaa kitako.

Wiki moja baada ya ile karamu, ukaitishwa mkutano. Bwana Lupakisyo, ofisa kutoka bomani Kilosa, alisimama juu ya kiti akatangaza kwamba waliotoka nchi za nje na wakakaa muda mrefu sasa waende wakaandikishwe uraia, wao pamoja na watoto wao. Na shule ni ya kila mtoto, wa mwenyeji na wa mgeni, hakuna tena kuchagua. Watu walipiga makofi. Filomena alipiga kuliko wote, kisha akaacha ghafla. Nafasi hizo zingekuja miaka saba nyuma tu!

Hata hivyo alikwenda kwa Mwamvua moyo umejaa.

"Dada, sasa naweza kumwandika kwa jina lake. Awe wangu kwenye karatasi."

Mwamvua aliweka chini ungo. "Na Mwanaidi wangu?"

"Mwanaidi, Mungu amrehemu..."

"Kila asubuhi mwalimu anaita jina lake, na sauti inajibu. Mimi huwa napita njia ya shuleni makusudi, nisikie. Unataka nimzike mara ya pili, Filomena?"

Filomena aliinama akamwokotea ungo. Kesho yake alimfuata Bwana Lupakisyo, akamwuliza habari za "mama mmoja ninayemfahamu."

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, majina yote mawili yakiwemo. "Mwambie huyo mama, aliyefaulu ni Mwanaidi Rajabu. Huyo Costancia hajawahi kukanyaga darasa. Akiandikwa leo, nafasi ya sekondari inapotea, na yeye aanze darasa la kwanza na watoto wa miaka saba." Akamtazama kwa huruma. "Pole, mama. Mpe pole na yeye."

Jioni, mlango umefungwa, Filomena alimweleza binti yake yote. Alitumaini mtoto atagoma, atasema sekondari na ipotee. Angemkataza, lakini angeyasikia maneno hayo.

Binti alikunja sare yake mpya, akaifunua, akaikunja tena.

"Usiniandike," alisema. "Nakuomba, mama mkubwa."

Alipogundua alichosema aliziba mdomo. Alimwangukia mama yake magotini akilia, akiita mama, mama, mama, lakini neno lilikwisha toka, tena ndani ya nyumba yao. Filomena alimpapasa kichwa. "Hujakosea," alimwambia. "Ndivyo nilivyokufundisha."

Jumatatu Mwamvua alimpeleka msichana Mikumi kwa lori, akapande basi la Iringa. Kijiji kizima kilisindikiza lori. Filomena alikuwa amekwisha ondoka alfajiri kwenda Kilosa. Hakujiamini kusimama pale apunge mkono kama jirani.

Bomani foleni ilikuwa ndefu yenye kelele, watu wa Msumbiji, wa Kongo, wa Burundi, kila mmoja na watoto wake amewaosha na kuwapaka mafuta. Bwana Lupakisyo aliandika jina lake, mwaka aliofika, jina la marehemu mumewe. Kisha kalamu ikasimama.

"Watoto?"

Alimwuliza polepole, bila kuinua macho, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufikiri.

"Sina," alisema Filomena.

"Hata mmoja, mama?"

"Sikujaliwa."

Mwanamke wa nyuma yake, mtoto mgongoni na wanne wamemshika khanga, akaangua kicheko. "Heri yako, mama wee! Hawa wangu wataniua kabla sijapata huo uraia!"

Foleni nzima ikacheka. Filomena akacheka nao, akaweka dole gumba alipoonyeshwa, akalikandamiza muda mrefu mpaka Bwana Lupakisyo akamwambia inatosha.