Umbali wa Meza

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huwa namwagilia maua ya mbele kwa kopo nililolitoboa matundu, naanzia getini namalizia barazani. Upande wa pili wa ua, jirani yangu Mama Pacha huwa anafagia. Tunasalimiana bila kutazamana, kwa sababu wote wawili tunakuwa bado na nguo za kulalia, na kila mmoja anamsitiri mwenzake kwa kujifanya hamwoni. Jumanne hiyo nilikuwa sijamaliza hata mstari wa kwanza, geti likagongwa.

Mtaa wetu si wa kugongewa geti asubuhi. Basi la shule likishapita, wakubwa wanaondoka, mbwa wanarudi kulala, na baada ya hapo unaweza kusikia sufuria ikifunikwa nyumba ya tatu. Nikadhani ni msoma mita. Nilipochungulia, nikamwona Fundi.

Fundi alikuwa mtu wa Jumamosi. Alikuwa anakuja alasiri, kwa kijia cha nyuma ambako hakuna dirisha linalotazama, na kuondoka kabla taa za barabarani hazijawaka. Tangu tujuane sikuwahi kumwona siku nyingine yoyote. Wala yeye hakuwahi kuniona na gauni la kulalia lililofifia, kilemba kimekaa upande, kopo linavuja juu ya miguu yangu.

"Samahani, Daktari," alisema. "Najua leo si siku yangu."

Mimi si daktari. Napima macho kwenye duka la miwani, nimemwambia hivyo mara nyingi, naye kila mara anaitikia, "Sawa, Daktari." Alikuwa amevaa aproni ya kazi iliyoungua ungua kifuani, na mkononi ameshika kifuko cha miwani niliyompa Jumamosi iliyopita.

"Hii miwani haioni," akasema.

Nyuma ya ua, ufagio wa Mama Pacha ukanyamaza.

"Jirani," akaita, sauti tamu kama ya mtu anayeomba chumvi, "mbona Jumamosi imekuja Jumanne?"

Kumbe muda wote nilipokuwa najiona mjanja wa kijia cha nyuma, Jumamosi yangu ilikuwa na jina mtaani. Nilitamani kuingia ndani ya kopo. Nikamfungulia Fundi geti, kwa kuwa kumwacha nje kulikuwa kubaya zaidi, tukaingia jikoni.

Tulikutana kwenye programu ya simu, ile ya kukutanisha watu wazima wasiotaka kuanza na wazazi. Mtaa wenyewe mdogo, ikawa inanionyesha sura zile zile. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, amevaa kofia inayoonekana wazi si yake. Mfamasia, ameandika kuwa anapenda safari, mtu ambaye sijawahi kumwona akivuka kizingiti cha duka lake. Fundi hakuweka sura. Aliweka picha ya redio ya zamani iliyofunguliwa tumbo, na chini yake maneno haya tu: "Sitafuti ndoa, sikatai maongezi." Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikataka kujua ni mtu wa namna gani anayeona utumbo wa redio ni sura yake.

Masharti niliyaweka mimi. Mume niliyeachana naye hakuwa mkali, hakunipiga wala kunitukana. Alikuwa anauliza. Umepita njia gani, nani alikupa salamu, mbona umecheka ulivyosoma hiyo meseji. Aliuliza mpaka nikawa najibu kabla sijaulizwa, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kwa hiyo nilimwambia Fundi siku ya kwanza, macho yangu yakiwa kwenye kikombe: Jumamosi ni yetu, siku nyingine kila mtu na zake. Hakuna kuulizana. Usiache kitu kwangu, nami siachi kitu kwako. Atakayechoka atasema basi, na mwenzake hatauliza kwa nini.

"Hata kazi?" aliuliza.

"Hata kazi."

"Mimi natengeneza redio."

"Hilo tayari nalijua. Liishie hapo."

Akainua mikono kama aliyekamatwa, na kuanzia siku hiyo akalishika sharti kama amana. Tulikuwa tunakunywa chai, tunacheza karata, tunabishana nani kaiba, na mengine ni yetu wawili. Akiondoka alikuwa anatazama chini ya kiti kuhakikisha hajaacha hata kiberiti.

Tatizo likawa langu. Mtu usiyemuuliza unamwokota vipande vipande. Niliona doa la kuungua kwenye kidole gumba, nikajiuliza limempataje. Niliona siku moja amekuja na uzi mwekundu umenasa kwenye kola, nikakaa nao kichwani wiki nzima: uzi wa nani, wa nguo gani. Nikiwa kazini nawaambia wateja wasome herufi za ukutani, najikuta nafikiria sasa hivi Fundi anakula nini, na anakula na nani. Mwanamke niliyekimbia maswali nikawa nimejaa maswali mpaka kooni, na hata moja siwezi kulitoa. Nilikuwa na hakika kwamba siku nitakayouliza, atasikia sharti limevunjika, naye kwa upole wake ule ule atasema basi.

Ndipo nikaona anasogeza karata mbali ili azisome. Mtu akifika umri wake, macho yanaanza kudai mkono mrefu. Jumamosi moja nikaja nyumbani na sanduku la dukani la lenzi za kujaribia, nikamvika fremu nzito ya chuma, akacheka kwamba anafanana na bundi.

"Hii, au hii? Ya kwanza, au ya pili?"

"Zote unaonekana una hasira."

"Jibu kama mtu mzima."

"Ya pili. Ya pili ina hasira vizuri zaidi."

Nikaitengeneza miwani mwenyewe dukani, nikasugua kingo za lenzi hadi zikakaa sawasawa. Nilimpa nikijua kabisa navunja sharti langu la kutoacheana vitu. Aliipokea, akaivaa, akanitazama mpaka nikageuza uso.

Sasa ilikuwa Jumanne, na miwani haioni. Nilimkalisha kwenye kiti chake. Mawazo yalikuwa yananizunguka: pengine miwani ni kisingizio tu, amekuja kusema basi, na ameona si uungwana kulisema kwa simu.

"Ivae," nikamwambia.

Akaivaa. Karata zilikuwa bado mezani tangu Jumamosi. Akazitazama, akanitazama mimi, kisha akaivua na kuigeuza geuza kama redio iliyopona yenyewe mbele ya fundi.

"Hapa inaona," akasema. "Mbona hapa inaona? Jana kwangu ilikuwa ukungu mtupu. Nimeunganisha nyaya mbili zisizojuana, redio ya mzee wa watu ikatoa moshi. Nimeifuta, nimeiosha kwa sabuni. Dada yangu akaniambia labda umeniwekea kioo cha dirisha."

Hapo nikaelewa. Joto likanipanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

Miwani ya mambo ya karibu inatengenezwa kwa umbali mmoja. Ya mpiga kinanda haimfai mtarizi. Ya mtarizi haimfai mwuza duka. Ndiyo maana chuoni tulifundishwa swali moja la kumuuliza kila mteja kabla hujagusa lenzi: kazi yako unaifanya umbali gani na macho? Nauliza swali hilo siku nzima, nadhani naliuliza hata usingizini. Fundi peke yake sikumuuliza, maana nilikuwa nimejikataza kumuuliza habari za kazi. Nilichofanya ni kupima nilichokuwa nacho, yaani kutoka kwenye mboni zake mpaka mahali macho yake yanapotua akiwa kwangu. Na akiwa kwangu, mbele yake nipo mimi.

Ningeweza kudanganya. Ningesema mashine ya dukani imekosea, nimpe nyingine Jumamosi, maisha yaendelee na kijia chetu cha nyuma. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alikuwa amekaa pale na aproni yake iliyoungua, ametoka kwake asubuhi kavunja sharti kwa ajili ya redio ya mzee wa watu, na ananitazama kama ninavyotazamwa na wateja: nieleze, nitaamini.

"Fundi," nikasema, sauti yangu ndogo mno. "Kazi yako unaifanya umbali gani?"

Nikasikia ufagio wa Mama Pacha umekuja kufagia karibu kabisa na dirisha, mahali ambapo hapana taka.

"Umeniuliza kazi," akasema taratibu.

"Nimeuliza."

"Basi..." akaanza, nami moyo ukanidondoka. "Basi itabidi uje uone. Kwa mdomo sitaweza kukuelekeza."

Nilipiga simu dukani nikasema nitachelewa, nikavaa nguo za watu, nikatia mkanda wa kupimia ndani ya mkoba. Tukatokea geti la mbele. Mama Pacha alikuwa ameegemea ufagio, hajifichi tena.

"Nendeni salama," akasema. "Na wewe shemeji, siku nyingine pita huku huku mbele. Kule nyuma unanikanyagia mchicha."

Kwake hapakuwa mbali. Unapita shule ya chekechea, unakata kona kwenye tangi la maji, na hapo pana nyumba yenye kibanda cha mabati ubavuni. Muda wote huo nilikuwa nikipita pale nikienda kununua mkate. Nilitaka kusimama nitazame kila kitu: ndala zake mbili mlangoni, shati lake la Jumamosi iliyopita likiwa kambani. Dada yake mkubwa alikuwa kibarazani anatarizi vitambaa vya meza, na mapajani ana uzi mwekundu. Nilipouona uzi ule, nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ndiye?" akamuuliza mdogo wake.

"Dada, taratibu."

"Nimeuliza tu. Mtu anaoga mara mbili kila Jumamosi, halafu anasema anakwenda kutazama redio ya mgonjwa." Akanigeukia, akanipa mikono yote miwili. "Karibu, wifi. Usimjali huyu, anaongea na vyuma siku nzima."

Neno hilo la wifi lilinifuata mpaka ndani ya kibanda. Rafu zilijaa redio hadi juu, nyingine zimefunguliwa, nyingine zimefunikwa vitambaa vyenye tarizi kama watoto waliolala. Palinuka vumbi la moto. Kwenye meza yake palikuwa na ile redio iliyotoa moshi. Nikamwambia akae kama anavyokaa. Akashika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, kikiwa baridi, akainama mpaka karibu aibusu redio. Nikapima kutoka kwenye mboni hadi kwenye ncha. Shibiri moja na kidogo.

"Karibu hivyo?" nikauliza.

"Vidude vyenyewe vidogo kama mchwa. Ukikaa mbali, unachoma kisichohusika." Akanionyesha kidole gumba, lile doa. "Hiki kilikuwa kisichohusika."

Nikacheka. Nikajua, hatimaye, habari ya doa.

"Sasa hii uliyonitengenezea," akasema, "ni ya umbali gani?"

Niliukunja mkanda polepole kuliko inavyohitajika.

"Wa meza yangu. Kutoka kwenye kiti chako mpaka..." nikasita. "Mpaka kile kingine."

Akaivaa tena, akanitazama, akakunja uso.

"Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi.

"Tena kidogo."

Mgongo wangu ukagusa rafu, redio moja ikalia kwa mtikisiko kisha ikanyamaza.

"Hapo," akasema. "Hapo nakuona mpaka mkunjo wa kwenye nyusi. Ukiwa na hasira, upo. Usipokuwa na hasira, upo." Hakuwa anacheka. "Nilidhani hutaki kujua chochote cha huku, Daktari. Mimi nikasema sawa, sharti ni lake, nisije nikampoteza kwa umbea."

"Nitakutengenezea nyingine," nikasema. "Ya kazi. Kesho kutwa itakuwa tayari."

"Na hii niirudishe? Tulisema hakuna kuacheana vitu."

Nje, dada yake alikuwa anaimba kitu bila maneno. Nilitazama zile redio zote zilizofunikwa, nikatazama mikono yangu, nikaona haina kazi ya kuisingizia. Kwa hiyo nikainua uso, pale pale mahali aliponisimamisha, mahali anaponiona vizuri.

"Usiirudishe," nikamwambia. "Nilipima mpaka kwangu kwa sababu nilitaka unione mimi. Na nataka kukuuliza umeshindaje Jumatatu, na Jumatano, na siku zote zile ambazo mimi mwenyewe nilikukataza kunisimulia."