Mlango wa Mzee Crewe

Ameir alikuwa amesimama juu ya msalaba wa utepe uliobandikwa sakafuni mbele ya mlango tangu asubuhi, mafundi wakimmulika taa usoni. Ndiyo kazi yake katika studio ile ya filamu ya Midrand, Afrika Kusini: kusimama pale atakaposimama Leland Crewe, mwigizaji wa Marekani, ili mzee wa watu asichoke bure. Kimo chao kimoja, weusi wao mmoja. Taa zikishakaa sawa Ameir anatoka, Crewe anaingia, kamera inawashwa. Hii ilikuwa filamu ya tatu ya Ameir, na uso wake ulikuwa haujaonekana hata kidogo.

Leo ungeonekana. Alikuwa amepewa sentensi moja: yeye ni mtoto anayemzuia mlangoni baba aliyemtelekeza, yaani Crewe. "Hapa huingii, mzee." Alimpigia simu binti yake Yasmin, anayekaa Soweto na mama yake, Nomsa; mtoto anakielewa Kiswahili ila hujibu kwa Kizulu. Yasmin akawatangazia wenzake shule nzima. Tangu Nomsa amwache Ameir, ndiyo simu pekee ambayo mtoto hakuwa na haraka ya kuikata.

"Hata mimi nilianzia mlangoni," Crewe alimwambia wakinywa chai. "Jukwaani New York, miaka nenda rudi nawafungulia wenzangu milango. Siku moja nikapewa neno la kusema. Nikaling'ang'ania mpaka sinema zikaniita. Usiliachie lako."

Kamera ikawashwa. Crewe akaja, kofia mkononi, machozi yakimlengalenga. Ameir akafungua mlango, na mwili wake, uliolelewa Unguja kwamba mtu mzima hazibiwi njia, ukajisogeza pembeni wenyewe.

"Kata! Ameir, unampisha!" alifoka Suzan, msaidizi wa mwongozaji. "Mzuie!"

Wakarudia. Akampisha tena. Mara ya tatu nusura atoe shikamoo. Mwongozaji akamnong'oneza Suzan.

"Eish, pole," Suzan akasema. "Maneno yako atayasema Brighton, yule fundi wa taa. Wewe rudi kwenye utepe."

Akarudi. Aende wapi? Hakuna aliyemtazama, ingawa taa zote zilimwangaza yeye. Alimfikiria Yasmin amekodoa macho kwenye ukumbi wa sinema, anamsaka baba yake, anamkuta Brighton.

"Sharp, safi, taa tayari. Ameir, toka!" Suzan akaita.

Crewe akaja kushika nafasi yake kama kila siku, anatabasamu. Ameir hakutoka. Alitanua miguu, akaziba mlango, akamtazama mzee machoni.

"Hapa huingii, mzee."

Tabasamu la Crewe likafutika. Akarudi nyuma, kofia ikamponyoka.

"Ndiyo hiyo!" mwongozaji akaruka kitini. "Tumeinasa?"

Mpiga picha akatikisa kichwa. Kamera alikuwa hajaiwasha. Nani humpiga picha mtu wa kupimia taa?

"Irudie hivyo hivyo!" Suzan akaomba. "Ameir, hivyo hivyo!"

Lakini Ameir alikuwa ameshainama, anamwokotea mzee kofia yake. Akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akampisha apite.