Kitanda cha Kugeuza Shangazi

Fundi alikuwa na vitu viwili visivyokaa nyumba moja: uvumbuzi wa siri na mdomo usiojua kufunga.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitanda vya hospitali, vile vya chuma vyenye magurudumu manne, matatu yanakwenda unakotaka na la nne lina mambo yake. Alikuwa fundi hodari, na wa kwanza kukuambia hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka uliotangulia alitengeneza toroli la dawa lisilopiga kelele wodini, akalionyesha kwa kila mpita njia, akaeleza, akarudia kueleza, na mwisho wa yote mkuu wa karakana ndiye aliyepigwa picha akilisukuma. Picha ikatundikwa mapokezi. Tangu hapo Fundi aliingia kazini kwa mlango wa nyuma ili asiione.

Safari hii aliapa kwamba jina litakuwa lake. Alikuwa ametengeneza kitanda kinachomgeuza mgonjwa chenyewe. Mtu akilala muda mrefu bila kugeuzwa hutoka vidonda mgongoni, na wauguzi hawatoshi, na kila mmoja ana mikono miwili tu. Kitanda cha Fundi kilikuwa na ubao uliokatwa katikati kwa urefu, mnyororo wa baiskeli, na springi nene inayokazwa kwa mkono kama ya saa ya zamani. Ukiikaza na kuchomoa pini, inajifungua taratibu. Ubao wa kushoto unainuka na mgonjwa anageukia kulia; baadaye unashuka, na wa kulia nao unainuka. Kitanda hakihitaji umeme wala mtu wa kuitwa. Kilikuwa kitu kizuri kweli, tusimnyime haki yake.

Akaenda kwa Wakili, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaandikishia wavumbuzi hataza.

"Hataza ni hivi," Wakili alimweleza. "Ukiipata, hakuna atakayetengeneza kitanda hicho bila ruhusa yako, na jina linaloandikwa ni lako. Lakini lazima kiwe kipya. Watu wakishakijua kabla sijakiandikisha, basi tena. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hata nikimwonyesha rafiki yangu?"

"Una marafiki wangapi?"

Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipofika mkono wa pili Wakili akamzuia.

"Hata mmoja usimwonyeshe. Jumamosi nakuja nyumbani kulinganisha michoro na kitanda chenyewe, Jumatatu nakiandikisha. Mpaka hapo, huna kitanda, hujui kitanda, hulalii kitanda. Umenielewa?"

Alielewa. Shida ya Fundi haikuwahi kuwa kuelewa.

Kitanda kiliwekwa chumba cha uani. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alikizungushia mashuka pande zote mpaka sakafuni. Juu yake walilaza gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima, na kwa kuwa Fundi alitaka kujua kama nguo itajikunja na kumchubua mgonjwa, wakalivisha gunia gauni la maua. Kichwani wakaliwekea mto, wakaufunika kwa kitambaa. Kisha Fundi akakaza springi, akachomoa pini, akaenda zake kazini.

Sasa, jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa akiitwa Redio, na hakuwa anauza redio. Siku hiyo alikuwa akianika nguo, na pazia la chumba cha uani lilikuwa limeacha upenyo. Redio hakuwahi kuuona upenyo akaudharau. Akachungulia, na akaona mwanamke mwenye gauni la maua, uso umefunikwa, akijigeuza polepole kitandani huku akilia kwa sauti nyembamba ya kutia huruma. Sauti hiyo ilikuwa ya mnyororo, maana Fundi alikuwa hajautia grisi.

"Jirani!" akamwita mke wa Fundi kwa juu ya ukuta. "Mna mgonjwa na hamsemi?"

Mke wa Fundi alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli akilazimika kudanganya hajui pa kuishia. Angesema tu ndiyo, anaendelea vizuri, asante. Yeye alisema:

"Ni Shangazi. Shangazi yake mume wangu. Hali yake si nzuri. Haonani na watu. Ni mgongo… mgongo umempanda kichwani."

"Mgongo umempanda kichwani!" Redio akasema, akaacha nusu ya nguo kwenye beseni na kutoka mbio.

Kabla ya jua kutua supu ilikuwa imeanza kufika. Kesho yake ikafika nyingine, na uji, na mchanganyiko wa majani ambao aliyeuleta alisema unywewe ukiwa wa moto, vinginevyo hataki lawama. Kinyozi wa mtaa, mtu mwenye sauti ambayo wateja wake waliisikia kupitia mashine ya kunyolea na taulo masikioni, akaja kusimama chini ya dirisha na kumwombea mgonjwa dua. Aliomba mpaka vioo vikatetemeka. Ndani, gunia la mchanga likageukia upande wa pili.

"Umefanya nini, mke wangu?" Fundi alilalamika.

"Nimelinda kitanda chako. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kunywa supu."

Fundi alikunywa, lakini haikumshuka. Mtaa mzima ulikuwa ukipita nyumbani kwake, ukiangalia ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya, nao ulikuwa unampa pole. Mara mbili alianza kusema, "Kwa kweli, mle ndani kuna…" na mara mbili mkewe alimkanyaga mguu.

Njia ya mwongo ni fupi. Muuza maziwa wa mtaa ule ndiye aliyekuwa akimpelekea maziwa Shangazi mwenyewe, upande wa pili wa mji, akamfikishia na habari, na Jumamosi, Fundi akiwa amekwisha kukaza springi na kuchomeka pini ili Wakili akute kila kitu tayari, mlango wa mbele ukasukumwa. Shangazi akaingia na begi lake. Alikuwa mzima wa afya na hasira zilikuwa nzima zaidi.

"Naambiwa nakufa," alisema. "Nafia hapa kwenu, mgongo umenipanda kichwani, na hakuna hata mmoja aliyenijulisha! Ndiyo nilivyomlea kaka yangu akulee?"

Wakampeleka chumba cha uani, wakamketisha kando ya kitanda, wakamweleza yote. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo watu wameleta supu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Iko wapi?"

Hakupata hata kijiko. Uani kulisikika kishindo cha miguu na sauti ya Redio ikiwa imekwisha kuvuka ukuta.

"Leo tunamwona! Siku zote hizi tunazuiwa, sisi ni wageni? Au mama wa watu amekwisha kukata roho na mnatuficha? Fungueni!"

Fundi akakitazama kitanda. Watu wakiingia na kukuta gunia lenye gauni, watavuta mashuka wajue kulikoni, na wakivuta mashuka wataona mnyororo, springi na ubao, na hataza yake itakuwa imeota mbawa.

"Ondoa huyo mwenzangu," Shangazi alisema akiangalia gunia, akavua viatu.

Wakalisukumia gunia nyuma ya kabati. Shangazi akapanda kitandani, akajifunika mpaka kidevuni na kufumba macho. Kisha akafumbua moja.

"Kuna kitu kinanichoma ubavuni," alisema, akapapasa, akakichomoa na kumpa Fundi.

Ilikuwa pini.

Mlango ukafunguka hapo hapo. Waliingia waliotosha chumba, wengine wakabaki wakichungulia mabegani mwa wenzao. Redio alikuwa mbele na sufuria yake, na Kinyozi, ambaye hakungoja kukaribishwa, akanyoosha mikono na kuanza.

"Mwinue mja wako!"

Ubao wa kushoto ukaanza kuinuka.

Walio mbele wakarudi nyuma hatua moja. Kinyozi mwenyewe alionekana kupunguza sauti, lakini alikuwa amekwisha kuanza na hakujua jinsi ya kuacha.

"Mgeuze… mgeuze kutoka kwenye maumivu!"

Shangazi akageuka, taratibu, mikono ikiwa imetulia kifuani, bila kuguswa na mtu. Redio alikaa juu ya sufuria yake. Na kwa kuwa Shangazi alikuwa mwepesi kuliko gunia, na Fundi alikuwa amekaza springi kupita kiasi ili kujipendekeza kwa Wakili, ubao wa kulia haukungoja zamu yake. Uliruka wote kwa mara moja.

"Na asimame!" Kinyozi alisema, kwa sauti ndogo sana.

Shangazi alisimama. Hakuwa na la kufanya, kitanda kilimrusha. Alitua sakafuni kwa miguu miwili, nywele zimesimama, macho yamemtoka, akatazamana na Kinyozi ana kwa ana. Kinyozi akarudi kinyumenyume na kumkanyaga mtu. Chumba kizima kikapiga yowe.

Katikati ya yowe hilo Wakili alifika mlangoni na michoro yake kwapani.

"Wameona," Fundi alimwambia. "Wote. Nimemwaga mtama kwenye kuku wengi. Nimekwisha."

Wakili akavaa miwani. Hakuonekana mtu mwenye haraka.

"Jamani," aliuliza, "hapa mmeona nini?"

"Supu yangu," Redio alisema palepale, bado amekalia sufuria. "Aliinywa jana. Leo kasimama!"

"Ni dua!" alisema Kinyozi, sauti ikianza kumrudia.

"Na majani yangu je? Au kwa sababu ni machungu?"

"Na kitanda?" Wakili aliuliza. "Kitanda mmekionaje?"



"Kitanda gani?" alisema Redio. "Kitanda si kitanda?"

Wakili akamvuta Fundi pembeni. "Sikiliza," alinong'ona. "Mtu akiona asichokielewa, bado hajaambiwa kitu. Hakuna hata mmoja humu anayeweza kwenda kukitengeneza hicho kwa alichokiona. Uvumbuzi wako bado ni mzima. Wewe nyamaza tu."

Kunyamaza! Fundi alitazama watu wakimnyanyua Kinyozi mabegani. Alisikia Redio akiwaeleza wa uani kwamba supu ilikuwa na siri aliyoachiwa na mama yake. Yote hayo aliyameza. Kisha Redio akamgeukia yeye.

"Na huyu Fundi wetu! Shangazi yake mwenyewe anateseka, na yeye kakaa tu, hakumsaidia chochote. Hata kitanda alichomlaza kinalia kama mlango mbovu. Fundi gani huyu?"

Iliuma. Iliuma kuliko ile picha ya mapokezi. Fundi akapanda juu ya kiti.

"Sikilizeni nyote! Mnajua chini ya mashuka haya kuna nini? Kuna mnyororo, nao umefungwa kwenye…"

"Mama yangu wee, nakufa!" Shangazi alipiga ukelele, akajiangusha kitandani chali.

Watu wote wakamgeukia.

"Mgongo umerudi kichwani!" alisema Redio.

"Endelea kufa, mama," Wakili alimnong'oneza Shangazi sikioni, "mpaka niwatoe wote." Akawatoa. Fundi alikuwa bado juu ya kiti, mdomo wazi, mkewe amemshika suruali.

Jumatatu kitanda kikaandikishwa. Wakili alipopiga simu na kusema, "Sasa sema unavyotaka," Fundi hakumaliza hata kumshukuru. Alivua mashuka, akasukuma kitanda mpaka barabarani na Shangazi juu yake, maana Shangazi alikataa kushuka. Alisema hajalala hivyo tangu aolewe. Fundi akauita mtaa mzima. Akaeleza springi, akaonyesha meno ya gia, akamgeuza Shangazi kulia, akamgeuza kushoto. Alisema yote aliyokuwa ameyabana, na mengine mapya.

Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, Redio akamshika bega.

"Pole, Fundi. Kuuguza kunachosha. Kapumzike."

Wakatawanyika. Fundi akakaa ukingoni mwa barabara na kujisikia mjinga. Jina lake lilikuwa limeandikwa alikotaka liandikwe, na palepale mtaani kwake hakuna aliyeamini.

Baada ya muda Kinyozi akarudi. Alikuja peke yake, akasimama akiuangalia mnyororo, na aliposema, kwa mara ya kwanza Fundi alilazimika kutega sikio.

"Shangazi nilimponya mimi, Fundi. Hilo tusibishane."

"Haya."

"Lakini baba yangu…" Akagusa meno ya gia kwa kidole. "Baba amelala muda mrefu. Mgongo wote vidonda. Nimemwombea mpaka koo limekauka, hageuki. Namgeuza mimi, nikienda kunyoa anabaki vilevile mpaka nirudi, namkuta analia. Hiki kingemgeuza?"

Fundi alikuwa na hotuba. Aliitunga toka Jumamosi, na ndani yake Kinyozi aliomba radhi mbele ya watu wote, Redio akiwa shahidi. Sasa akaiacha.

"Shangazi," alisema, "shuka."

"Nani? Mimi?"

"Shuka, Shangazi."

Shangazi akamtazama Kinyozi, akashuka, akauacha na mto. Fundi akakaza springi, safari hii kwa kiasi, akajaribu pini, akashika upande wa kichwani. Kinyozi akashika wa miguuni. Gurudumu la nne likaanza mambo yake, wakalinyoosha, wakasukuma.

"Mzee hupenda kulalia upande gani?" Fundi aliuliza.