Kiungulia cha Mzee Leonardi

Mzee Leonardi alianza kusumbuliwa na kiungulia mwaka ule maumivu ya magoti yalipomzidi. Kila akitoka shambani kwake Mwazye alimeza vidonge viwili vya diklofenaki vya kutuliza maumivu bila kula kitu. Kifua kikianza kumwaka, alikoroga magadi kwenye kikombe cha maji, akanywa, akacheua, akalala.

Binti yake Hilaria alikuwa muuguzi wa zahanati ya hapo kijijini, na alimwonya zaidi ya mara moja.

"Baba, hizo dawa za magoti ndizo zinakuchoma tumbo. Ziache, twende Sumbawanga ukapimwe. Na usilale ukitoka kula, kaa kwanza saa mbili tatu. Pombe ya ulezi nayo uipumzishe."

"Wewe nimekuogesha kwa mikono hii," mzee alimjibu mbele ya wageni. "Leo unifundishe kula?"

Wageni wakacheka. Kaka yake Hilaria, Loth, alicheka kuliko wote, na ndiye aliyekuwa akimletea baba vidonge kutoka dukani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, choo cha mzee kikawa cheusi kama lami. Hakumwambia mtu. Asubuhi moja, akisubiri chai, alitapika damu, akaanguka mlangoni. Hilaria ndiye aliyemwekea dripu, akapanda naye gari hadi Sumbawanga akiwa amemshika kichwa, njia nzima matope. Hospitali wakamwongezea damu, wakampima kwa kamera, wakaona kidonda tumboni.

Siku ya nne daktari, kijana mdogo kuliko Hilaria, alisimama kando ya kitanda. "Mzee, vidonge vya magoti basi. Pombe basi. Na usilale ukitoka kula."

"Sawa, daktari. Nimekuelewa kabisa."

Nyumbani, ndugu walipokuja kumpa pole, aliyarudia yale maneno yote. "Kijana amesoma yule! Ningempata mapema nisingefika huko."

Hilaria alikuwa anampozea uji. "Baba, mimi nilikwambia hayo hayo. Mwaka mzima."

Mzee akamtazama. "Uliniambia, ndiyo. Lakini wewe ni mwanangu tu."

"Dada, usilete maneno mbele ya mgonjwa," Loth akasema.

Hilaria akauweka uji mezani, akaaga watu. Wiki hiyo hiyo aliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Muze, mbali na kwao, na alipokubaliwa hakupita nyumbani. Baba yake sasa anakula mapema, hanywi pombe, na kifua hakimwaki tena. Husimulia watu kwamba daktari mmoja wa mjini ndiye aliyemponya.