Stika Nyekundu

Duka la tatu lilikuwa ndani ya jengo ambamo zamani watu wa mji wa Brannock waliwanunulia watoto viatu vya shule. Darlene Sabol aliingia na baridi ya Novemba mgongoni na swali lile lile mdomoni. Humo ndani mlikuwa na vibanda thelathini, kila kimoja na namba yake na takataka zake za thamani: vikombe vyenye majina ya benki zilizokufa, wanasesere wasio na macho, taa za wachimba makaa. Wenye vibanda hawakukaa humo. Aliyekaa ni Lorraine Pasko, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, akitafuna karanga nyuma ya kaunta.

"Natafuta picha ya kuchorwa," Darlene alisema. "Mtoto wa kike amekaa kwenye ngazi. Amevaa koti la mvua la manjano."

"Picha ninazo mpaka ukuta wa choo, mpenzi. Ila ya mtoto wa koti..." Lorraine aliacha kutafuna. "Hebu nikutazame. Wewe si binti wa Emil Sabol, wa kiwanda cha vioo?"

"Ndiye mimi."

"Mzee bado yupo?"

"Bado."

Alikuwepo, lakini kwa shida. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Emil, ambaye wanawe walimwita Tata, mkono wa kulia na karibu maneno yote, na sasa ilikuwa siku ya sita hajagusa chakula. Muuguzi wa nyumba ya wazee hakuzunguka: zimebaki siku, alisema, wala si wiki. Katika maneno machache aliyobaki nayo mzee, moja lilikuwa Tessie. Alilitamka akitazama ukuta mtupu mbele ya kitanda, kisha akimgeukia Darlene kama mtu anayedai kitu chake.

Tessie, dada yake Darlene, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Kiangazi cha mwisho cha maisha yake, Emil alikuwa akitoka zamu, ananawa mikono, anamkalisha kwenye ngazi za nyuma na kumchora. Baadaye mto ulifurika, maji yakaingia chini ya nyumba na kulichukua sanduku la picha za kamera. Ikabaki ile moja ya kuchorwa, ukutani juu ya meza ya jikoni, miaka arobaini na minane. Mwezi wa Septemba nyumba ilipouzwa, Rudy, kaka yake Darlene, aliwaleta wale watu wanaofungua nyumba ya mtu kwa siku mbili na kuuza kila kilichomo. Tessie akaondoka pamoja na masufuria. Darlene alimpigia Rudy simu na kumwambia amemuuza dada yao kwa bei ya pizza. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

"Na niliiwekea alama," alimwambia Lorraine, sauti ikipanda. "Nilibandika stika nyekundu kwenye fremu, kubwa hivi, ili mtu asiiguse. Kaka yangu akaiacha ikauzwa hivyo hivyo."

"Nyekundu?"

"Nyekundu, ndiyo."

Lorraine alisukuma bakuli la karanga pembeni. "Mpenzi, wale watu siku ya pili stika nyekundu ni nusu bei. Karatasi ilibandikwa pale mlangoni, herufi kama ngumi. Mimi ndiye niliyeinunua. Niliona doa jekundu nikaidaka kabla mtu hajanipiku."

Darlene alishika ukingo wa kaunta. Aliikumbuka ile karatasi. Aliipita mara nne, mikono imejaa nguo za marehemu mama yake. Aliikumbuka pia pakiti ya stika aliyonunua duka la dawa, yenye za kijani, za bluu na nyekundu, na jinsi alivyochagua nyekundu kwa sababu nyekundu haina utani.

"Kaka yangu..."

"Siku ile ya pili kaka yako hakuwepo kabisa. Alikuwa amepeleka kitanda cha mzee huko kwenye nyumba ya wazee."

Mteja mmoja nyuma alikuwa akifungua na kufunga saa ya ukutani.

"Sasa iko wapi?" Darlene aliuliza.

"Nilimuuzia Wendell Oakes, yule kijana mchoraji. Hununua picha kuukuu kwa furushi. Leo si Jumamosi ya kwanza? Ana maonyesho pale benki ya zamani."

"Anazifanyia nini?"

Lorraine alivaa miwani yake, akaivua tena. "Nenda ukaone mwenyewe. Nenda upesi."

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, majumba ya sanaa ya Brannock hufungua milango saa kumi jioni, na mji wote hutembea kutoka moja hadi jingine ukinywa mvinyo kwenye vikombe vya plastiki. Darlene alipita mezani penye vipande vya jibini bila kuvigusa. Ukutani, mahali ambapo zamani palikuwa na madirisha ya makarani, zilitundikwa picha za watu wasiojulikana ambazo Wendell alikuwa ameziongezea mambo yake: ziwa tulivu alimotokeza pweza mkubwa kama ghala, bwana harusi aliyesimama na roboti. Watu walicheka, na kwa kweli zilichekesha.

Kisha akaliona koti.

Lilikuwa lenyewe. Kifungo cha tatu hakikuwepo, maana Tessie alikuwa amekitafuna mpaka kikang'oka. Ngazi zilikuwa zile zile, buti zile zile, buti moja imepinda kwa ndani. Lakini juu ya kola palikuwa na kichwa cha bundi, kijivu, chenye macho mawili makubwa ya dhahabu. Kilichorwa vizuri, unyoya kwa unyoya.

"Mwone huyu sasa!" mwanamke mmoja alimwambia mwenzake. "Kama shemeji yangu akiamka."

"Kabla ya kahawa au baada?"

"Kwani kuna tofauti?"

Walicheka mpaka mvinyo ukamwagika. Pembeni ya fremu palikuwa na doa dogo jekundu, na safari hii Darlene hakuhitaji kuambiwa. Hapa lilikuwa na maana kwamba imeshapata mwenyewe.

Wendell Oakes alimkuta amesimama hapo. Alikuwa kijana mwembamba, rangi imemkaukia kwenye kucha. "Umeipenda? Samahani, daktari wa meno ameshaichukua. Ataiweka pale wagonjwa wanaposubiri."

"Mtoto alichorwa na nani?"

"Haikuwa na jina. Fundi wa nyumbani tu, nadhani. Koti alilipatia sana. Uso ndio hakuujulia, basi nikaona nimpe maisha mapya."

"Anaitwa Tessie. Ni dada yangu, alishafariki. Huyo fundi ni baba yangu. Yuko hai, anamsubiri."

Kijana aliweka kikombe chake sakafuni.

"Kitoe hicho kichwa," Darlene alisema. "Rangi ya juu si inatoka?"

"Pengine ingetoka." Alisema polepole. "Ila nilipiga msasa kwanza. Ya chini ilikuwa ya mafuta, yangu isingeshika. Nilipiga mpaka kwenye kitambaa."

"Uso wote?"

"Wote."

"Hukuipiga picha kabla?"

"Nyingine huwa napiga." Macho yalikuwa yanamlowa. "Hiyo sikuipiga."

Aliiteremsha picha ukutani. Yule mwanamke wa mzaha wa shemeji alipaza sauti kwamba imeuzwa hiyo, na Wendell akamjibu bila kugeuka, "Haijauzwa." Aliizungushia skafu yake mwenyewe. "Ninaweza kujaribu kumrudisha. Nilimtazama muda mrefu kabla sijaanza."

"Alikuwaje?"

Alifikiri kwa bidii, maskini, kama mwanafunzi kwenye mtihani. "Nywele za kahawia..."

"Nyeusi," Darlene alisema, akaichukua picha.

Ndani ya gari alifumba macho ili amwone dada yake. Tessie alipokufa yeye alikuwa na miaka minne, na uso aliokuwa akiubeba miaka yote hiyo ulikuwa ule wa ukutani. Aliutafuta. Kila alipoufikia, ulimtazama kwa macho ya dhahabu.

Alimpigia Rudy. Huko nyuma televisheni ilikuwa ikitangaza mpira.

"Rudy, stika ilikuwa yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilirudi jioni ile nikasoma karatasi mlangoni. Nilizunguka maduka mpaka mji wa pili, sikuipata."

"Mbona ulininyamazia? Nilikutukana, Rudy."

"Ulikuwa umeshanikasirikia tayari. Nikaona bora ubaki hivyo."

Darlene alimweleza habari ya msasa. Mpira uliendelea. Hatimaye Rudy akasema, "Basi usimpelekee. Mwambie Tata haikupatikana. Afe akidhani ipo mahali."

Aliyapima maneno hayo njia nzima. Yalikuwa ya huruma, na alitamani sana kuyatii. Lakini alipoingia chumbani, mzee aliiona skafu na umbo lililokuwa ndani yake, akainua kichwa kutoka kwenye mto kwa mara ya kwanza wiki ile. Supu ilikuwa imepoa kwenye meza ya magurudumu. Darlene aliisogeza, akaifungua picha na kuisimamisha mapajani mwa baba yake.

Emil alitazama. Midomo ilicheza bila sauti. Kisha mkono wa kushoto ulipanda taratibu kutoka kwenye blanketi, kiganja kikatua juu ya kichwa cha bundi na kukifunika chote. Chini ya kiganja likabaki kuonekana koti, na ngazi, na buti zile mbili.

"Koti," alisema.

"Ndiyo, Tata. Koti lake."

"Uso."

"Umefutika. Ni mimi, Tata. Sikumuuliza mtu, niliweka alama iliyosema uzeni. Si Rudy. Ni mimi."

Emil hakumtazama. Darlene alisubiri neno lolote, hata tusi, mpaka akaelewa kwamba halitakuja na kwamba itambidi akae bila hilo neno. Mzee hakuondoa macho kwenye koti. Baada ya muda mkono ulianza kutetemeka kwa uchovu, ukateleza kidogo, na jicho moja la dhahabu likachungulia kati ya vidole.

Darlene alipitisha kiganja chake chini ya kiwiko cha baba yake, akauinua mkono, akaushikilia hapo.